Walioomba Kufanywa Nyota

Katika mila za pwani yetu mtu huzaliwa na nyota yake, wala haichagui. Mwenye kusoma falaki huuliza jina la mtu na jina la mama yake, akazihesabu herufi kwa kanuni za abjadi, kisha akafungua kitabu na kutamka kwamba huyu nyota yake ni Ng'ombe au Nge, ya jaha au ya nuhusi. Na katika hesabu zote hizo hamna nafasi ya mtu kusema kwamba nyota aliyopewa haimtoshi, na kwamba yeye mwenyewe, kwa nafsi yake, anataka ageuzwe kuwa nyota. Ndiyo maana moyo wangu hushughulika sana kila niikumbukapo picha ya sinema iliyotolewa na kampuni ya Paramount huko Hollywood mwezi wa Julai 1932 kwa jina la Make Me a Star, jina ambalo ni dua ya mtu anayeomba hilo hilo: afanywe nyota. Katika hadithi, mwenye kuomba ni kijana wa kubuniwa, mtumishi wa duka la mji mdogo, apigaye magoti usiku kando ya kitanda chake na kumwomba Mungu kwa ikhlasi, kama wakulima waombavyo mvua mwaka wa ukame. Lakini kabla yake na baada yake waliiomba dua hiyo watu wa kweli, maelfu kwa maelfu, walioacha mashamba na maduka wakapanda treni kwenda California. Na hao ndio nitakao kuwasimulia, kwa kuwa historia ya Hollywood huandikwa mno kwa majina ya waliopata, ilhali kazi yenyewe, tangu mwanzo wake, iliendeshwa kwa rajua ya waliokosa.

Kijana huyo wa hadithi anaitwa Merton Gill. Alimbuni Harry Leon Wilson, mwandishi mzaliwa wa jimbo la Illinois, ambaye mwaka 1922 aliitoa riwaya yake Merton of the Movies, kwanza kwa sehemu katika gazeti la Saturday Evening Post, kisha kwa sura ya kitabu. Riwaya hiyo hufunguka kwa tukio la kutisha: jahili amemshika binti wa watu, shujaa anatokea kumwokoa, maneno makali yanarushwa huku na huku; na msomaji akiisha kuingiwa na hamu ya kujua mwisho wake, tahamaki anatambua kwamba yule binti na yule jahili ni sanamu za kuvalishia nguo, kwamba uwanja wa vita ni duka la Bwana Gashwiler katika mji wa Simsbury, na kwamba shujaa ni karani wa duka aliyeisahau kazi aliyoajiriwa. Usiku Merton husoma masomo ya uigizaji aliyoletewa kwa posta, hata akapewa cheti. Huyahifadhi magazeti ya sinema kama mwanachuoni ahifadhivyo vitabu vyake. Amejichagulia jina la fahari, Clifford Armytage, kwa kuwa anahisi jina la babake halistahili kupambwa juu ya mlango wa jumba la sinema. Na siku ya kupigwa picha za kupeleka Hollywood alimtwaa farasi wa kupelekea bidhaa za dukani, akampanda kwa mkao wa shujaa wa nyikani, na farasi akafanya alivyopenda farasi.

Hadithi hiyo ilipata wapenzi upesi. Tarehe 13 Novemba 1922 ilipanda jukwaani mjini New York, katika ukumbi wa Cort, ikiwa imegeuzwa mchezo na George S. Kaufman na Marc Connelly, na Glenn Hunter akiwa ndiye Merton. Mwaka 1924 Hunter huyo huyo akaicheza katika picha bubu iliyoongozwa na James Cruze, ambayo leo haionekani tena, kwa kuwa nakala zake zimepotea kama zilivyopotea picha nyingi za zama zile. Mwaka 1932 ikaja hii ya sauti, mwongozaji wake William Beaudine, Stuart Erwin akiwa Merton na Joan Blondell akiwa Flips Montague, binti mzoefu wa studio anayemwonea huruma. Na mwaka 1947 kampuni ya MGM ikaitoa mara nyingine kwa Red Skelton. Katika zote hizo mimi naishika ya 1932, na sababu yake itadhihiri nitakapoufikia mwisho wake.

Ama Hollywood penyewe, hapakuanza kwa nyota. Mwaka 1887 Harvey Wilcox na mkewe Daeida, watu waliotoka Kansas na walioukirihi ulevi, walipima ardhi karibu na Los Angeles wakakata viwanja, nia yao ikiwa ni kukaa na majirani wa ibada na staha katikati ya bustani za matunda. Mwaka 1903 mtaa huo ukawa mji wenye baraza lake, na mwaka 1910, kwa kuhitaji maji, ukajiunga na Los Angeles. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Oktoba 1911, kampuni ya Nestor ilikodi jengo la mkahawa wa zamani lililokuwa kwenye njia panda ya Sunset na Gower, ikaligeuza kuwa studio ya kwanza ya mahali hapo. Kampuni za sinema zilikuwa zimetoka mashariki ya Marekani, nyingine zikikimbia muungano wa wenye hataza za kamera uliofanywa mwaka 1908 chini ya kivuli cha Edison, na zote zikifuata jua, kwa kuwa picha za siku zile zilipigwa kwa nuru ya mbingu. Tena zilifuata bahari, milima na jangwa vilivyo karibu karibu, na mafundi wa Los Angeles ambao ujira wao ulikuwa haba kuliko wa New York. Wenyeji hawakufurahi. Waliwaita wageni hao kwa jina lile lile la picha zao, kana kwamba na watu wenyewe ni vivuli vinavyopita ukutani, na husimuliwa kwamba wako wenye nyumba walioandika mlangoni kuwa hawapokei mbwa wala waigizaji.

Hata hivyo watu hawakuacha kuja. Los Angeles, iliyohesabiwa watu wapatao 319,000 mwaka 1910, ilikuwa na 1,238,000 mwaka 1930, na ingawa si wote waliokuja kwa ajili ya sinema, sinema ndiyo iliyoutangaza mji huo hadi vijiji ambavyo havikupata kusikia jina lake. Kwani picha moja ya vita au ya harusi ya kifalme ilihitaji umati, na umati haupatikani kwa waigizaji watano wenye mikataba. D. W. Griffith alipojenga kuta za Babeli katikati ya mtaa kwa ajili ya picha yake Intolerance ya mwaka 1916, aliwajaza ndani yake watu kwa maelfu, wakiwa na ndevu za bandia na mikuki ya mbao, wakalipwa ujira wa siku na kupewa chakula cha mchana. Katika haja hiyo ya umati ndimo ilimozaliwa kazi ya mwigizaji wa ziada, yaani kibarua wa sinema: mtu asiye na jina katika mchezo, asiye na neno la kusema, anayelipwa ili awe sokoni, au dansini, au miongoni mwa wafu waliolala uwanjani, na ambaye jioni hurudi kwake akijiuliza kama kamera ilimpata uso au kisogo.

Wa kwanza kustadi katika kazi hiyo walikuwa wachunga ng'ombe wa Magharibi, wale ambao ulimwengu umewazoea kwa jina la makauboi. Malisho ya wazi yalikuwa yamekwisha zungushiwa seng'enge, mifugo ikisafirishwa kwa reli, na mtu aliyejua kupanda farasi na kutupa kamba akajikuta hana kazi katika nchi yake. Basi wakashuka Hollywood, ambako ujuzi wao uliokuwa umekufa ulikuwa bado unatakiwa kwenye picha, wakakaa pembeni mwa njia ile ile ya Sunset na Gower, mbele ya duka la dawa, na studio ndogo ndogo za picha za bei rahisi zikiwazunguka. Mahali hapo pakaitwa Gower Gulch, yaani Korongo la Gower. Walikaa wamevaa tayari, kofia, buti na spora, kwa sababu aliyetoka studio kutafuta watu ishirini wa kufukuzana na treni hakuwa na wakati wa kumngoja mtu akabadili nguo, na kwa sababu nguo zile zilikuwa zao wenyewe. Wala hawakuwa wakiigiza walipokuwa wamesimama pale kuliko walivyoigiza mbele ya kamera. Naona shani kwamba katika njia panda moja ya mji mgeni watu walilipwa kwa siku ili wafanye kwa uongo jambo walilolifanya kwa kweli ujanani mwao, na kwamba ule uongo uliwalipa zaidi.

Lakini makauboi walikuwa na fani mikononi. Waliobaki, na ndio wengi, hawakuwa na kitu ila nyuso zao na magazeti waliyoyasoma. Magazeti ya sinema, ambayo Photoplay lililoanza mwaka 1911 lilikuwa mashuhuri kati yake, yalichapisha kila mwezi masimulizi ya mabinti waliotoka dukani wakafika ikulu, na mengine yakafanya mashindano. Na kwa kuwa mwaka 1921 binti maskini wa Brooklyn, Clara Bow, alishinda shindano la namna hiyo na kweli akawa nyota mkubwa, hapakuwa na hoja ya kumzuia binti mwingine yeyote asijione ndiye anayefuata. Wajanja nao wakapata riziki yao hapo. Wako waliouza masomo ya uigizaji kwa posta, kama aliyoyasoma Merton. Wako waliofungua ofisi za kutafutia watu kazi, wakakata sehemu ya ujira mdogo wa kibarua. Na wako waliotoza fedha ya kupiga picha za majaribio kwa kamera isiyokuwa na filamu ndani. Mambo yalizidi hata Baraza la Biashara la Hollywood, ambalo kazi yake ni kuusifu mji wake, likalazimika katika miaka ya 1920 kutoa matangazo ya kuwasihi watu wasije kujaribu bahati yao katika sinema, likisema kwamba katika kila watu 100,000 walioanzia chini, watano tu ndio waliofika juu. Kwa mtu mwenye akili baridi tangazo hilo lingetosha. Mwenye matamanio aliona watano.

Mwaka 1925, mwezi wa Desemba, kampuni kubwa za sinema, zikiwa chini ya jumuiya yao iliyosimamiwa na Will Hays, ziliunda ofisi moja ya kuajiri vibarua wote, iliyoitwa Central Casting. Tendo hilo lilikuwa la insafu kwa upande mmoja, kwani ofisi hiyo haikumtoza kibarua senti, na wale madalali wa jana wakakosa soko. Na mwaka 1926 serikali ya California nayo ikaweka sheria za kuwalinda wanawake waliofanya kazi hiyo, katika saa zao, malipo ya ziada na chakula chao. Lakini kwa upande mwingine, mlango uliokuwa na uso wa mtu ukageuka waya. Kibarua hakwenda tena kusimama getini alfajiri akitumaini kwamba mwongozaji atamwona, alipiga simu. Jioni, wakati kesho ilipokuwa ikipangwa, simu zilimiminika mfululizo, na binti aliyeketi mbele ya bodi ya simu alilirudia kila jina kwa sauti ili wachaguzi waliokuwa karibu walisikie, na kama hapana aliyelitaka jina hilo, binti alijibu kwamba hakuna kazi, au jaribu baadaye, akachomoa waya na kuchomeka mwingine. Mambo yote ya mtu yalipita katika muda wa kuvuta pumzi mbili. Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Na kufikia mwaka 1930, walipokuwa wameandikishwa katika ofisi hiyo watu zaidi ya 17,000, wengi mno miongoni mwao hawakupata hata siku moja ya kazi katika juma.

Nataka tumtazame mmoja wao kwa karibu, si mtu mwenye jina, bali yeyote katika hao 17,000. Ukutani, katika chumba cha kupanga, limetundikwa koti jeusi la karamu, lenye mikia miwili nyuma, limefunikwa shuka lisiingie vumbi; chini yake viatu vya ngozi ya kumeta, ndani yake mmetiwa karatasi visipoteze umbo. Hayo ndiyo mtaji wake. Kibarua wa kawaida, wa kupita njiani au kusimama sokoni, alilipwa dola 3 au 5 kwa siku. Lakini aliyemiliki nguo za karamu zake mwenyewe, zilizokaa mwilini mwake kama zilivyowakaa matajiri, aliitwa kwa picha za majumba ya fahari, akalipwa dola 10 na pengine zaidi, akanywa maji ya rangi katika bilauri za mvinyo na kucheka bila sauti ili asiwavuruge nyota walipokuwa wakisema. Kwa hiyo palikuwa na watu walioshindia mkate na kahawa ili wapate kulipa dobi. Siku za dhiki aliweza kuuza saa, kitanda au pete ya mamake. Koti hakuliuza, kwa sababu mwenye kuliuza koti alikuwa amekiri.

Hollywood iliyajua haya, na mara kwa mara ikayasema yenyewe. Mwaka 1928 Robert Florey na Slavko Vorkapich walitengeneza, kwa dola 97 tu, picha fupi juu ya kibarua aliyeandikwa namba 9413 katika paji la uso, akawa hana tena jina jingine mpaka kufa kwake. Mwaka huo huo Emil Jannings alicheza jemadari wa Kirusi aliyefukuzwa na mapinduzi, akaishia kuwa kibarua wa sinema aliyevalishwa sare ya jemadari, na kwa mchezo huo na mwingine akapewa tuzo ya kwanza ya Akademia kwa mwigizaji wa kiume mwaka 1929. Kwa mabinti, palijengwa nyumba ya heshima iliyoitwa Hollywood Studio Club, iliyoanza mwaka 1916 na kupata jengo lake zuri, kazi ya msanifu Julia Morgan, mwaka 1926. Humo msichana mgeni alipata kitanda, mlo na wenziwe wa kulia nao.

Nao wale watano katika laki moja walikuwako kweli, wala si insafu kuwaruka. Harold Lloyd, kijana wa Nebraska, alipokataliwa na mlinzi wa lango la kampuni ya Universal, karibu na mwaka 1913, alingoja mpaka saa ya chakula cha mchana, akajipaka usoni rangi za waigizaji, akaingia katikati ya vibarua waliokuwa wakirudi kazini, na mlinzi akampisha. Gary Cooper alitoka Montana, na mwaka 1925 alikuwa akilipwa kwa siku ili aanguke kutoka mgongoni mwa farasi katika picha za makauboi. Miaka saba baadaye, Paramount ilipoitengeneza ile picha ya Merton, ilimpitisha Cooper mbele ya kamera akiwa yeye mwenyewe, nyota kamili, pamoja na Claudette Colbert, Maurice Chevalier na wengine, ili watazamaji waamini kwamba kijana wa Simsbury amefika Hollywood ya kweli. Nimejiuliza mara nyingi Cooper aliyaona nini machoni mwa vibarua waliosimama nyuma yake siku hiyo.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki nako mkono wa kazi hii ulifika. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke kuipiga picha ya Trader Horn katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo, safari iliyochukua miezi mingi ya jua, homa na mizigo. Aliyechaguliwa kuwa binti wa hadithi, Edwina Booth, mzaliwa wa Utah, alikuwa mpaka hapo mchezaji wa sehemu ndogo ndogo, mmoja wa wale waliokuwa wakingoja jina lao litajwe. Na jina lake lilipotajwa, alipewa nafasi ya kwanza katika picha ambayo ilimbidi aicheze karibu uchi katika jua la nchi za joto. Alirudi Marekani mgonjwa, maradhi yakamwandama miaka, akaishtaki kampuni hiyo, shauri likamalizwa nje ya mahakama, na baada ya picha nyingine chache akaiacha sinema. Pamoja naye alicheza Mutia Omoolu, mtu wa Kenya, ambaye alivukishwa bahari mpaka Hollywood ili kumalizia sehemu zilizobaki. Na picha ilipotoka mwaka 1931, watazamaji wa dunia nzima walimwona amesimama sambamba na nyota, kwa haiba na utulivu ambao hakuusoma katika masomo ya posta. Ama wenyeji wengi waliojaza vijiji na kucheza ngoma katika picha hiyo, wao walikuwa vibarua wa sinema kama wale wa Gower, isipokuwa hawakuiomba dua ile, wala hawakuwa na simu ya kupiga kesho yake.

Sasa narudi kwa Merton, kwa kuwa yeye aliiomba kuliko wote. Anafika Hollywood na cheti chake na picha zake, anakaa katika chumba cha kungojea mpaka fedha aliyoiweka akiba inakwisha. Na hatimaye, kwa msaada wa Flips, anapewa sentensi moja ya kusema katika picha ya kauboi Buck Benson, shujaa wake mwenyewe. Sentensi moja. Anaikariri, anaikosea, anaikosea tena, mpaka anatolewa. Hapo ndipo asipokubali kuondoka. Anajificha ndani ya studio, analala katika vyumba visivyo na dari vilivyojengwa kwa ajili ya picha, juu ya vitanda vya watu wasiokuwapo, na mchana anaokota mabaki ya chakula. Kwa siku kadhaa anaishi kweli kweli ndani ya uongo, kwani hana mahali pengine duniani. Msomaji asione kwamba jambo hilo limetiwa chumvi mno. Mwenye kulihifadhi koti lake chini ya shuka naye alikuwa akilala katika nyumba isiyo na dari.

Flips anampata akiwa na njaa, anamlisha, na anagundua jambo ambalo halikuandikwa katika masomo yoyote: kwamba kijana huyu, anapoigiza kwa ghera yake yote, anachekesha kupita kiasi. Hana kipaji hata chembe cha kile alichokikusudia, na kwa sababu hiyo hiyo, na kwa kuwa haelewi, uso wake una unyofu ambao wachekeshaji wa kulipwa hawawezi kuununua. Basi anamshawishi mkubwa wa picha za kuchekesha amtwae Merton aigize kauboi, lakini asiambiwe kwamba ni mzaha. Katika picha hiyo anawekwa pamoja na Ben Turpin, mchekeshaji wa kweli aliyesifika kwa macho yake makengeza, ambaye Merton anamdharau kwa kuwa anashusha hadhi ya sanaa; naye Merton anapanda farasi, anatamka maneno ya kishujaa, anatazama mbali kama alivyofundishwa, na kamera inazunguka. Kila mtu uwanjani anajua ila yeye. Flips anajua, na moyo unamsuta tangu siku ya kwanza, na Joan Blondell, aliyezoea kucheza mabinti wa maneno makali, anaionyesha fadhaa hiyo kwa macho tu.

Nami nasema kwamba mahali hapo ndipo picha hii inapoieleza biashara nzima ya Hollywood kuliko vitabu vya hesabu. Kwa miaka ishirini studio zilikuwa zimejifunza kwamba bidhaa adimu si kipaji. Vipaji vilikuwako New York na Vienna, vikanunuliwa kwa mkataba. Adimu ni ile dhati ya mtu aliyeacha yote, ambaye akiambiwa asimame kwenye jua saa tisa atasimama, na akiambiwa alie atalia kama aliyefiwa, kwa dola 5. Ikhlasi hiyo haina ujira wake katika daftari, na picha zote za umati zilijengwa juu yake.

Usiku wa kuionyesha picha kwa mara ya kwanza mbele ya watu, Merton anaketi katikati ya ukumbi. Taa zinazimwa. Anaonekana ukutani, mkubwa, ametimiza, ni nyota. Na watu wanacheka. Mwanzo anageuka kutazama wanacheka nini. Kisha Stuart Erwin, ambaye uso wake mpana haukuumbwa kwa misiba, anaacha fahamu iuingie uso huo polepole, kama maji yanavyoingia katika mtumbwi uliotoboka, na kila kicheko kinachozidi ukumbini kinaongeza kina cha maji. Wala hawezi kutoka, kwa kuwa pande zote mbili amebanwa na watu wanaofurahi, wasiojua kwamba mwenyewe wanayemcheka wanagusana naye mabega.

Katika riwaya, na jukwaani pia, kijana huyo hujikusanya: huwaambia watu kwamba alijua tangu mwanzo kuwa ni mchezo wa kuchekesha, akaoa, akahojiwa na gazeti la sinema kama lile alilokuwa akilisoma dukani kwa Gashwiler, na mwandishi wa gazeti akayaamini yote. Mwisho huo ni wa busara, na huenda ndivyo walivyofanya wengi. Picha ya 1932 ilianza kwenda njia hiyo hiyo. Merton anakwenda kwa Flips, anasimama wima mbele yake, anamwambia kwamba yeye alijua, kwamba alikuwa akifanya makusudi, na kwamba hapana aliyemdanganya. Anasema vizuri, pengine ndiyo mara ya kwanza katika hadithi yote anapoigiza vizuri, na Flips anamtazama bila kumkatiza. Halafu katikati ya neno sauti inamkatika. Anapiga magoti kama alivyokuwa akipiga magoti usiku kando ya kitanda chake huko Simsbury, anauficha uso wake mapajani mwa binti huyo, na analia, na mkono wa Flips unakuja juu ya nywele zake, na picha inakwisha hapo.